Mtani wa Mfalme

Kwa mara ya tatu jioni ile, mfalme alikataa kufa. Sadalla alinyata hadi kwenye kitanda cha kamba, akainua kisu cha mti na kukishusha kifuani, pale palipotiwa alama ya chokaa. Mzee Kondo bin Pazi, aliyepaswa kukata roho kimya kama mtu aliyevamiwa usingizini, akafumbua jicho moja na kuuliza kama Wanyamwezi wote huua kwa kutekenya. Ghala zima likaangua kicheko. Taji lake, lililokatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, lilimtoka kichwani likabingirika sakafuni, na Severine akaliokota, akalipangusa kwa kiganja na kusema waanze tena.

Severine alikuwa karani wa bandarini, Mchaga kutoka Kilimanjaro, mtu mpole asiyejua kupumzika. Shuleni kwa mapadri alikuwa amepewa kitabu cha tamthilia za kale za Kiingereza, na kwa misimu miwili ya masika alikaa chumbani kwake akizihamishia kwenye Kiswahili, daftari baada ya daftari. Ndipo alipokusanya watu: makarani wenzake, mafundi cherehani wawili, Isidori aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja, na wengine wa hapa na pale Kariakoo. Mwaka wa kwanza walicheza ile ya vijana wawili waliopendana bila radhi za wazazi wao, watu wakalia hadharani bila haya. Mwaka huu, elfu moja mia tisa thelathini na tatu, walikuwa na ile ya mfalme mzee anayeuawa na mwenyeji wake, katika nyumba alimokwenda kulala kwa amani.

Mchezo huo ndio uliomtia wasiwasi Bwana Shauri, afisa wa Kiingereza wa wilaya. Mfalme kuuawa mbele ya umati wa Waafrika, hata mfalme wa uongo mwenye taji la debe, lilikuwa jambo la kufikiriwa. Baada ya kufikiri wiki tatu alitoa kibali cha siku moja tu, Jumamosi saa kumi, na akasema atakuja mwenyewe kutazama. Asipopendezwa, chama kingefungwa. Kila mtu ghalani alilijua hilo, na jioni ile ya Ijumaa ilikuwa nafasi yao ya mwisho ya kufanya mazoezi.

Sadalla alikuwa muuaji. Mchana alipima mchele na samaki wakavu kwenye mizani ya Nasor bin Humoud, Mwarabu aliyewaazima ghala lake la mbata, na watu walimwita mwana wa mpagazi, maana marehemu baba yake aliingia mjini na mizigo ya watu kichwani. Lakini baba yake alijulikana zaidi kwa jambo jingine. Hakuna Mzaramo aliyezikwa Kariakoo bila yeye kuitwa. Yeye ndiye aliyelala njiani mbele ya jeneza akilizuia lisipite, aliyeiga mwendo wa marehemu na kikohozi chake, aliyemtukana maiti mpaka wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Watu walimpenda yule mzee, wakamlisha vizuri, na hakuna hata siku moja waliyomheshimu. Sadalla aliyaona hayo tangu utoto akaapa kwamba yeye hatakuwa kichekesho cha mtu.

Katika ghala lile, kwa maneno ya kitabuni, alikuwa amekipata alichokitafuta. Akisema, watu walinyamaza. Na sasa Mzee Kondo, Mzaramo, mtani wake wa kuzaliwa, alikuwa anamharibia kila kitu kwa jicho moja.

"Haya, Mnyamwezi," Kondo alisema akijiweka sawa kitandani. "Jaribu tena. Safari hii tumia mkono wa kulia, wa kushoto una harufu ya papa."

Walicheka tena. Sadalla aliinama, mdomo wake ukiwa karibu na sikio la mzee, lakini sauti yake ikafika mpaka mlangoni. "Kondo, siku utakayokufa kweli nitamshukuru Mungu."

Kicheko kilizidi. Fundi mmoja alijipiga mapaja. Baina ya Mnyamwezi na Mzaramo neno kama hilo ni salamu tu. Tangu enzi za misafara wameambiana makubwa kuliko hayo na jioni wakala sahani moja. Ila Sadalla alilisikia likimtoka, akajua kwamba halikuwa la utani. Alilikusudia. Mzee Kondo alimtazama kitambo, kisha akalala chali na kufumba macho.

"Haya," alisema taratibu. "Niue."

Mara hiyo alikufa vizuri. Hakutikisika hata kope.

*

Asubuhi ya Jumamosi soko lilikuwa limeshachangamka Zeina binti Kondo alipopenya katikati ya magunia, ushungi umemshuka mabegani, akasimama mbele ya mizani.

"Mtani," alisema, "baba hatunaye."

Sadalla alikuwa na jiwe la ratili mkononi. Hakulitua wala hakuliweka kwenye mizani.

"Lini?"

"Alfajiri. Aliamka kutawadha, akakaa kitako akasema kifua kinambana. Hatukuwahi hata kumwita mtu." Zeina alisema yote hayo kwa macho makavu kama anayetumwa dukani. "Tunazika alasiri. Mama amesema jeneza halitoki mpaka uje."

"Jana alirudi akiwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alikula, akatuambia kwamba hatimaye umemwua vizuri. Akacheka." Alivuta ushungi. "Usichelewe, mtani. Tangu asubuhi nyumba imekauka, hakuna hata anayeweza kulia."

Alipoondoka, mteja alimuuliza Sadalla kama mchele wake utapimwa leo au kesho. Aliupima, akakosea, akaupima upya.

Mzaha mzaha hutunga usaha, husema wahenga, na Sadalla alikuwa ameisikia methali hiyo mara mia bila kuijali. Sasa aliisikia kifuani. Si kwamba aliamini neno laweza kuua mtu. Alikuwa mtu mzima, na Kondo alikuwa mzee mwenye moyo uliochoka. Kilichomtesa ni kingine. Mtani humtukana maiti kwa kuwa moyo wake ni mweupe, na kila aliyepo anajua hivyo. Yeye angesimama mbele ya jeneza na moyo gani? Angemtukanaje mtu aliyemtukana kwa dhati jana yake, na mtu huyo akaondoka duniani na tusi hilo?

Saa sita Severine alifika sokoni akihema, kofia mkononi. Habari alikuwa nazo.

"Pole sana, Sadalla. Najua alikuwa mtu wako. Ila Isidori anayajua maneno ya mfalme. Si kama Mzee Kondo, lakini anayajua. Kibali ni cha leo tu."

"Saa kumi nitakuwa jukwaani," Sadalla alijibu, haraka mno.

Severine alimkazia macho. "Na mazishi?"

"Wana ndugu zao. Watazika."

Aliona haya kulisema na akaona nafuu kwa kulisema, vyote viwili kwa pamoja. Mchezo ulikuwa umempa pa kujificha.

*

Saa tisa na robo watu walikuwa wameanza kujaa kwenye viti vya kuazima, na kiti kimoja chenye mto kilikuwa kikimngoja Bwana Shauri. Nyuma ya pazia la kitambaa cha marekani Sadalla alivaa joho jeusi la Nasor. Severine alitaka wapitie kifo mara moja ya mwisho. Isidori alilala kitandani, mikono ubavuni, taji limemkaa sawasawa. Sadalla alinyata, akainua kisu, akakishusha. Isidori akafa mara moja, kama alivyoagizwa, mpishi mtiifu asiye na la kusema.

Kutoka mtaa wa pili zilisikika sauti za wanaume wakisoma dua msibani, zikipanda na kushuka. Sadalla alibaki ameinama juu ya kitanda. Aliuona uso wa Isidori umetulia, ukingoja kuambiwa ufufuke, na ghafla hakuweza kuuangalia. Alikitua kisu sakafuni.

"Sadalla," Severine alinong'ona. "Motokaa ya Bwana Shauri imekwisha fika. Sadalla."

"Nakwenda kuzika," alisema, na akatokea mlango wa uani.

Alikimbia na joho lake. Jeneza lilikuwa limeshatolewa barazani, wanaume wameanza kuliinamia, na walipomwona walijiinua. Vichwa viligeuka. Shehe aligeuza uso wake ukutani. Mambo ya watani hayakuwamo katika vitabu vyake, lakini alikuwa mwenyeji wa mji na alijua wakati wa kutoona. Wanawake walisogea dirishani. Watu wazima walianza kutabasamu kabla hajasema lolote, kwa joho lile tu na jasho lile.

Alisimama mbele ya jeneza. Alijua yaliyotakiwa: mwendo wa Kondo wa kuburuta mguu, ile sauti yake ya puani, jicho moja. Vyote vilikuwa tayari mwilini mwake, kumbe alivirithi. Kinywa kilipofunguka kikatoa kingine.

"Jamani, huyu nilimwombea kifo."

Tabasamu zilipanuka. Mtu mmoja alicheka.

"Si mzaha. Jana nilimwambia siku atakayokufa nitamshukuru Mungu. Nilikusudia. Nilikuwa namchukia."

Kicheko kilipita barazani kikaingia ndani kwa wanawake. Sadalla aligeuka huku na huku akitafuta hata uso mmoja.

"Wallahi nawaambia kweli. Aliyasikia kwa masikio yake akaenda kufa nayo. Nisameheni. Mwambieni anisamehe."

Walizidi kucheka. Kadiri alivyosihi ndivyo walivyoshikana mabega, na alipoanza kulia, kulia kwa kweli, kamasi zikimtoka, mzee mmoja alisema mtani wa namna hii hajaonekana tangu baba yake. Dirishani Zeina alicheka mpaka akashika nondo kwa mikono miwili. Halafu kicheko chake kikakatika, na kilio kilichokwama tangu alfajiri kikamtoka, na wanawake wote wakamfuata. Nyumba ikalia. Shehe akageuka, akaashiria, wanaume wakanyanyua jeneza na kupita nalo, na kila apitaye alimpiga Sadalla begani kwa shukrani.

Njia ilipobaki tupu alimwona Severine upande wa pili, kofia mkononi, amelowa jasho. Alikuwa amemfuata amrudishe. Yeye alikuwa mgeni wa mila ile. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba hapo ni mahali pa kucheka, na maneno aliyoyasikia aliyachukua kama yalivyosemwa.

"Ulikusudia kweli?" aliuliza.

"Ndiyo."

Severine alitazama upande wa ghala. Huko kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja, na kiti chenye mto, na kazi ya misimu miwili ya masika. Kisha akatazama jeneza linakoelekea.

"Makaburi yako mbali?"

"Si mbali sana."

Walilifuata jeneza wakiwa nyuma ya wote. Walikuwa hawajafika kona injini ya motokaa iliponguruma huko nyuma yao, ikasikika kwa muda, ikapotelea upande wa bandarini. Severine hakugeuka.

"Na mzee mwenyewe," aliuliza kwa sauti ya chini, "alijua kwamba si utani?"

Mbele yao mwanamume mmoja alichomoa bega lake chini ya jeneza, akarudi nyuma hatua moja na kumpungia mkono.

"Pita, mtani."

Sadalla alikunja mikono ya joho, akaingia chini ya mti wa jeneza.