Kisigino Kipya

Kwa miaka ishirini na miwili nimesukuma toroli katika ghala la vifaa vya hospitali, na sikuwahi kumwangukia mtu. Wiki ile nilianguka mara tisa. Uongozi ulikuwa umeleta mbao za umeme, zile za magurudumu mawili zinazojisawazisha zenyewe, tuzipande kwenye vichochoro vya rafu. Atakayeshindwa jaribio la Ijumaa, tangazo lilisema, atastaafishwa mapema. Nina miaka hamsini na sita na nimechoka, sikatai. Lakini kuchoka ni jambo moja, kutolewa mlangoni ni jingine.

Mwalimu wetu, binti mpole wa rika la mwanangu, alieleza mara mia: ukiegemea mbele unakwenda, ukirudisha uzito nyuma unasimama. Kwenda nilikwenda. Kusimama ndiko kulikonishinda. Nilisimamishwa na rafu ya glavu, nikasimamishwa na mlango wa stoo, na Jumatano nikasimamishwa na meneja mwenyewe, chai yake mkononi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Mimi huongea na Mungu nikiwa kazini, na simpambii maneno. Siku hiyo nilimuuliza: wewe umeitundika dunia bila kamba, mwanamke mmoja wa kilo themanini anakushindaje? Nadhani naye alikuwa bado anacheka.

Jioni nilivua viatu vya kazi nikamtupia mume wangu. Yeye ni fundi viatu, hawezi kuona soli asiikague. Akageuza kimoja, akageuza cha pili. Soli zilikuwa zimelika kabisa kwa mbele. Nyuma, herufi za kiwandani bado zilisomeka.

"Mke wangu," akasema, "hivi visigino hujawahi kuvikanyaga."

Nikamwambia asinichoshe. Lakini nikiwa naosha vyombo nikajishtukia: nimeinamia sinki, nalisukuma. Miaka yote ile toroli ndilo lililokuwa likinishika nisianguke, na mwili ulikuwa haujaambiwa kwamba toroli halipo tena. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Hata sala zangu zilikuwa za kusukuma tu: fanya hili, harakisha lile.

Ijumaa nikapanda, magoti yakiniuma. Nikaenda hadi mwisho wa kichochoro, nikanyakua boksi la bandeji bila kusimama, nikageuka. Mstari mweupe wa kusimamia ukanijia mbio. Vidole vikatafuta mpini wa toroli.

"Haya Baba," nikasema, watu wote wakisikia, "nakuja kinyumenyume. Ukinidondosha, tutajuana."

Nikaviachia visigino uzito wote.

Ubao ukasimama juu ya mstari. Mwalimu akaandika kwamba nimefaulu, akaniambia naweza kushuka. Nikamwomba dakika moja. Nilikuwa nimechoka uchovu wa miaka, nao sasa ulikuwa umeshuka wote hadi kwenye visigino, na visigino vilikuwa vimeubeba. Kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kusimama katikati ya zamu bila kuulizwa nasubiri nini. Siku hiyo nilisimama, boksi kifuani, na hakuna aliyeniuliza.