Isale la Mwalimu Sumari

Ebenezer Sumari, mwalimu wa nidhamu wa shule moja ya msingi pale Daraja Mbili, Arusha, hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Alikuwa mtu wa kuombwa. Mwalimu mkuu mpya alipoleta mambo ya duara, kwamba watoto waliokosana wakae chini na wenzao, mkosaji aeleze alichofanya, aliyeumizwa aseme alivyoumia, kisha wapatane namna ya kurekebisha, Sumari aliililia fimbo yake wiki mbili nzima. Halafu duara likamkolea kuliko walimu wote. Mtoto akichukua penseli ya mwenzake, duara. Akimwita mwenzake kichwa boga, duara. "Sema kwa mdomo wako," alikuwa akiwaambia, mikono nyuma, tumbo mbele. "Kutazama chini siyo kusema."

Basi Jumatatu moja sukari ya uji ikapotea, mfuko mzima. Siku hiyo duara hakulikumbuka hata kidogo. Mbele ya walimu, na watoto wamejaa dirishani, aliuliza tangu lini kikapu cha Mama Tunu kikatoka jikoni kizito kuliko kilivyoingia. Mama Tunu, mpishi wa shule kwa miaka kumi na miwili, alijifuta mikono kwenye khanga, akarudi kwenye sufuria lake.

Jumanne Sumari akafungua kabati la ofisini kwake kutafuta chaki. Loo! Sukari hii hapa, imetulia chini ya mipira ya michezo. Aliificha mwenyewe Ijumaa ili kuwakomesha wezi, akafunga kwa ufunguo, akasahau.

Habari ilimfikia Mama Tunu kabla ya kengele ya mapumziko. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema Ijumaa ndiyo mwisho wake hapo. Sumari aliposikia, alirudi ofisini akajifungia. Mwaka aliomzika mkewe, mama huyu alimwekea sahani pembeni kila mchana, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu. Kweli aondoke kwa ajili ya mdomo wake? Aliona aibu, na aliogopa.

Sasa, Sumari ni Mmeru. Kwao mlimani ukimkosea mtu unampelekea isale, lile jani refu linalopandwa mpakani mwa shamba, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Jumatano asubuhi alikata moja zuri shambani kwa mama yake, akaliweka kwenye dirisha la jiko, akakohoa mara mbili, akaondoka anatembea kama mtu aliyemaliza kazi.

Saa nne alikuja kunywa chai. Isale lake lilikuwa limetumika kufungia fungu la mchicha.

Maskini, akajisemea, mtu wa Kaloleni, wazee wake wametoka Tanga, mambo ya mlimani atayajulia wapi? Akaanza kumfundisha maana ya isale, kwa sauti ileile ya darasani. Mama Tunu alimwacha amalize.

"Nimezaliwa hapahapa Arusha, mwalimu. Isale nalijua. Lakini kwenu isale hutembea peke yake? Huletwa na mtu, na mtu ana mdomo. Ulinisema mbele ya watu wote, halafu jani unaniletea dirishani kimyakimya."

Alhamisi Sumari akaomba duara. Madawati ya darasa la tano yalisogezwa ukutani, watu wakakaa. Zamu ya kuongoza ilikuwa ya Naserian, binti wa miaka kumi na mmoja ambaye ulimi wake ulishamkalisha kwenye duara mara tatu. Siku hiyo hangeibadilisha na sikukuu yoyote.

Alimuuliza mwalimu alifanya nini. Sumari akaeleza kwamba kazi zilikuwa nyingi, kwamba sukari ilikuwa haionekani, kwamba lile kabati nalo ni bovu.

"Hatujauliza kabati, mwalimu," alisema Naserian kwa upole. "Sema kwa mdomo wako."

Mwalimu akatazama chini. Darasa zima likauma midomo, maana kila mmoja alijua sentensi inayofuata.

"Nilimwita Mama Tunu mwizi," alisema hatimaye. "Sukari niliificha mimi. Alinilisha nilipokuwa na msiba, nami nikamvunjia heshima mbele yenu. Nisamehe, Mama Tunu."

Naserian akamgeukia Mama Tunu, akamuuliza aliumia vipi.

"Siku ile nilirudi nyumbani na kikapu wazi," alisema. "Njia nzima. Ili watu waone ndani."

Hakuna aliyecheka. Sumari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alipoulizwa atarekebishaje, alisema kikapu hicho atakibeba yeye mpaka getini kila jioni, muhula mzima, watoto wakiwa mstarini. Mama Tunu alifikiri kidogo, akasema sawa.

Ijumaa ikafika na Mama Tunu hakuondoka. Saa nne alimwekea mwalimu chai ya tangawizi, inatoa moshi, akamkaribisha kama zamani. Sumari akanywa funda moja, akakunja uso, akainua macho.

"Sukari jiwekee mwenyewe, mwalimu," alisema Mama Tunu. "Wewe ndiye unayejua ilipo."