Kifungo Chekundu Kwenye Kompyuta ya Baba

Hakuna aliyemtuma Fundi kuisafisha kompyuta ya baba yake. Lakini watu wa kompyuta bwana, hawawezi kuona kitu kimetulia. Aliiona inajikokota, mikono ikamwasha, akafuta kila alichodhani ni takataka. Alipofungua kivinjari cha intaneti, lo! Zile nembo ndogo zilizojipanga juu, kila tovuti na yake, zote zimegeuka vidunia vya kijivu, ile alama ya tovuti isiyo na nembo, hiki hakitofautiani na kile.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka. Baba yake, kiharusi kilimwachia ulimi kikaondoka na herufi. Mzee aliyesoma magazeti maisha yake yote, sasa akitazama maandishi anaona sisimizi tu. Alichobaki kujua ni nembo. Redio ni mnara wa buluu, duka la dawa ni msalaba wa kijani, na mwisho kabisa wa mstari, kifungo chekundu cha shati. Hicho alikichora dada yake Fundi, mshonaji, kwa ajili ya tovuti ya duka lake.

Dada alifariki. Duka likafungwa, tovuti ikazimika. Tatizo ni kwamba msiba nao haukai kichwani mwa mzee. Mwanzoni walikuwa wakimwambia ukweli, naye analia upya kana kwamba maiti ingali ndani, kesho yake amesahau, anauliza tena. Mama akasema basi.

"Mimi siwezi kumzika mwanangu kila asubuhi. Mwacheni."

Tangu hapo mzee akishika chai yake anabonyeza kifungo chekundu, ukurasa unagoma kufunguka, naye anatikisa kichwa: "Bado hajafungua duka. Mvivu huyu!" Na siku inapita salama.

Baba alikuwa bafuni, anaoga. Fundi akaharakisha. Nembo hurudi ukiitembelea tovuti yenyewe, hilo alilijua. Akafungua redio, mnara huo. Akafungua duka la dawa, msalaba huo. Akafungua ya dada yake. Ukurasa ukagoma kama siku zote, na kidunia cha kijivu kikabaki palepale. Tovuti iliyozimika ingetoa wapi nembo? Akapekua simu yake, akapekua barua pepe za zamani, wapi! Kompyuta ya marehemu ilikwisha kugawiwa pamoja na nguo zake.

Mama akachungulia mlangoni. "Umefanya nini?"

"Kifungo kimefutika, mama."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. "Fanya ujuavyo," alisema, "kirudishe."

Basi akakichora. Duara jekundu, matundu mawili katikati, kazi ndogo kwa mtu wa fani yake. Akakipachika mahali pake, akakitazama kimekaa sawasawa, na hata akajisifu kimoyomoyo.

Baba akaja na taulo begani, akaketi, kikombe mkononi. Kidole kikaenda moja kwa moja mwisho wa mstari, kikasita.

"Hiki si chake."

"Ndicho chenyewe, baba."

"Usinifanye mtoto. Chake kina matundu manne. Alinionyesha mwenyewe, amekaa hapohapo ulipokaa. Akaniambia, baba, cha mawili hukatika upesi, mimi kwangu ni manne tu." Sauti ikampanda. "Nani ameligusa duka la mwanangu?"

Miaka yote Fundi alikuwa akikiona kifungo kile, na hakuwahi kukitazama. Aliona aibu, akajichukia. Nyuma yao mama akajifunika uso kwa mikono, na mzee akamwona. Akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, kikombe kikalala upande, chai ikimmwagikia mapajani bila yeye kuhisi.

"Mwanangu yuko wapi?"

Fundi akavuta kiti karibu.

"Baba," alisema, "weka kikombe chini kwanza."