Kambini kwa Mwaija

Huu ulikuwa mwaka wa tatu kamati ya tamasha la ngoma kumkabidhi Mwaija kambi, na kama kawaida yake alifika uwanjani, pembeni ya mji wa Korogwe, mafundi wa jukwaa wakiwa bado wanashusha mbao. Alikuwa mjane, mkulima wa Kwaluguru, na kwa miaka mingi hapakuwa na arusi ya maana kijijini kwao iliyopikwa bila yeye kushika mwiko. Kamati ilidhani imempa kazi ya kulisha wasanii. Yeye alijua amepewa kijiji.

Kijiji hicho kilikuwa na sheria zake. Vikundi vyote vililala chini ya maturubai yaliyotazamana. Jiko lilikuwa moja. Wazee na wenye watoto wachanga walilala kule mwisho, karibu na uzio, ambako kelele hufika zimeshachoka. Na usiku jukwaa likifungwa, muziki ulihamia kambini, kando ya moto: kila kikundi kwa zamu yake, bila spika, na mwenzako akipiga, wewe unasikiliza. Wasanii wengi walisema wazi kwamba jukwaani walikwenda kuonekana, lakini kambini ndiko walikocheza.

Mwaka huu Wamasai walikuja kwa mara ya kwanza, kutoka mbuga za Handeni. Kiongozi wao, kijana mrefu aitwaye Salaash, alishuka kwenye lori akivuta beberu mnene kwa kamba. Nyuma yake alikuja dada yake Naitoi na waimbaji wenzao.

"Shikamoo, mama," alisema Salaash. "Huyu ni wa kambi."

"Marahaba, baba. Karibuni sana. Turubai lenu ni lile pale katikati."

Katikati maana yake baina ya watu wa Dindira na watu wa Kwaluguru. Wageni hawajatua hata mizigo, Isihaka akawa ameshafika jikoni. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe Mwaija, na ndiye mpigaji mkuu wa ngoma ya Kwaluguru.

"Shemeji, wale wahamishie kule nyuma."

"Nyuma ipi? Kambi hii haina nyuma."

"Unajua shamba langu lilivyofanywa. Ng'ombe waliingia usiku, asubuhi nikakuta mabua matupu. Leo nilale ubavu kwa ubavu na wenye ng'ombe?"

Mwaija alijua. Ni yeye aliyempelekea unga Fatu, mke wa Isihaka, msimu ule. Akaweka mwiko chini.

"Ukitaka kuondoka, sikuzuii. Ila watu wakiniuliza mbona ngoma ya Kwaluguru haisikiki, nitawaambia ukweli: mpigaji wetu amenuna."

Isihaka hakuondoka. Lakini alipoombwa amchinje yule beberu, ili Waislamu na Wakristo wale sufuria moja, alikataa, ikabidi achinje Mzee Ramadhan wa Dindira. Wakati wa chakula Isihaka alikaa peke yake na sahani ya wali mtupu. Mwaija alimwona, akaendelea kupakua.

Usiku jukwaa lilipofungwa, moto ukachochewa. Watu wa Dindira walianza na ngoma yao ya mdumange, vumbi likatimka. Kisha ikawa zamu ya Wamasai. Hawakuwa na ngoma. Walikuwa na vifua vyao. Sauti nzito za wanaume zilivuma chini, na juu yake sauti ya Naitoi ikapita peke yake, nyembamba, imenyooka. Mwaija alihisi vinyweleo vikimsimama. Alipogeuka akaona majirani wa uwanja wamekuja mpaka kwenye uzio, wengine na watoto mgongoni.

Zamu ya Kwaluguru ilipofika, Isihaka alisimama, lakini ngoma hakuigusa.

"Kabla sijapiga nina swali," alisema, kambi nzima ikasikia. "Mahindi yangu yameliwa na ng'ombe wa nani?"

Bwana Mustapha, mwenyekiti wa tamasha, alikuwa ameketi karibu na Mwaija. Alimwinamia upesi. "Mama, mkatishe. Hapa patachafuka."

Mwaija aliijua hatari. Ngumi moja tu ikirushwa, kambi yake ingeishia usiku ule. Lakini alimfahamu shemeji yake: akiwa na donge kooni, hata ngoma yake hutoka imebanwa.

"Hapa mtu akiwa na zamu, anasikilizwa," alijibu kwa sauti. "Zamu ni yake."

Salaash alisimama upande wa pili wa moto. "Si ng'ombe wangu, kaka. Lakini sitakudanganya, wenyewe nawajua. Tulinyamaza kwa sababu ni ndugu zetu. Tamasha likiisha, nitakwenda nawe mpaka kwao, na niseme mbele ya viongozi wa kijiji."

"Utasema kweli?"

"Atasema," alidakia Naitoi, "na mimi nitakuwepo. Tangu siku ile nilimwambia tusinyamaze."

Isihaka aliwatazama wote wawili. Hakutabasamu, hakutoa mkono. Aliinama, akabana ngoma kati ya magoti, akaanza kupiga. Alipiga kwa hasira yote ya shamba lake, na Fatu na wanawake wa Kwaluguru wakaingia na wimbo. Mwaija, aliyemsikia akipiga tangu ujana wake, hakuwahi kumsikia hivyo. Wamasai walisimama wima, wakasikiliza mpaka pigo la mwisho.

"Piga tena, kaka," Salaash aliomba.

Isihaka alipangusa jasho. "Nileteeni kwanza nyama."

Kambi nzima iliangua kicheko. Alikula akiwa amesimama, vidole vikimeremeta mafuta, kisha akapiga tena, na safari hii Wamasai wakaruka, na wasichana wa Dindira wakajaribu kuruka nao, wakaanguka, wakainuka.

Asubuhi Mwaija alikuwa akigawa uji, macho mekundu, kichwa juu. Bwana Mustapha alikuja na watangazaji wa redio waliosikia habari za usiku ule.

"Kambi hii ni ya nani?" aliuliza mmoja wao.

"Ni ya kamati ya—" alianza Bwana Mustapha.

"Ni yangu," alisema Mwaija, bila kupepesa macho, akawapa kila mmoja kikombe.