Mazoezi ya Hapana

Dobi alikuwa na sheria moja iliyompa heshima mtaani: mfukoni hana macho. Nguo ikiingia uani kwake, kwanza mifuko yote hugeuzwa, na kilichomo, iwe noti, iwe barua ya mchumba, liwe jino la bandia la mzee fulani aliyeapa kwamba si lake, hutiwa kwenye bahasha na kubanwa kwa pini kwenye nguo ikishakauka. Hasomi, haulizi, hasimulii. Kwa miaka ishirini na miwili watu walikuwa wakimwamini kwa siri zao, ndiyo maana waliendelea kumletea suruali hata mashine za kufulia zilipojaa mjini.

Sheria hiyo aliivunja Jumatano moja saa nne asubuhi, kwenye suruali ya kijivu ya mdogo wake.

Hakukusudia. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na ilipofunguka kidogo aliliona jina lake mwenyewe, majina yote matatu, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao angeutambua popote. Nani huyo ataliona jina lake halafu afumbe macho? Ilikuwa fomu ya mkopo mmoja mkubwa wa kulipia madeni yote. Mkopaji, mdogo wake. Mwenye nyumba inayowekwa rehani, yeye dobi. Kila mahali palijazwa isipokuwa mstari mmoja wa sahihi, na kando yake kulikuwa na alama ndogo ya penseli, kama zile walimu wanazowawekea watoto ili wajue pa kuandika.

Nyuma ya fomu palikuwa na orodha. Mikopo saba ya simu, benki mbili, chama cha walimu wenzake, na mkopeshaji mmoja wa kichochoroni ambaye hata jina hakuandikiwa. Kumi na mmoja wote, na hakuna hata mmoja aliyechukua dhamana yoyote. Chini ilipigwa mistari miwili, ikawekwa jumla, na chini ya jumla mdogo wake akaandika kwa herufi ndogo: mishahara arobaini na mmoja, bila kula.

Dobi aligeuza beseni akalikalia.

Mtaani mdogo wake aliitwa Profesa, kwa sababu alifundisha hesabu sekondari na hakuwahi kutembea bila kalamu. Hesabu za watoto wa watu zilimtii. Zake mwenyewe zilimshinda. Wala hakuwa mlevi, wala si mtu wa kamari. Ugonjwa wake ulikuwa wa nyumbani. Marehemu mama yao alikuwa na msemo mmoja, kutoa ni moyo si utajiri, na aliufuata hadi siku ya mwisho. Aliwahi kumvua Profesa sweta akampa mtoto wa jirani, halafu akashangaa kwa nini Profesa anakohoa. Watoto wake wawili, binti huyu dobi na mdogo wake wa kiume, walikua bila kulisikia neno hapana, na lugha usiyoisikia utaijuaje? Dobi alifulia nusu ya mtaa kwa ahadi. Profesa, kwa kuwa ana mshahara, alilipa ada za binamu, michango ya harusi, michango ya misiba, pesa za mitihani za wanafunzi wasio na kitu. Mshahara ulipokwisha alikopa ili atoe, kisha akakopa ili alipe alichokopa. Akawa anachimba shimo kufukia shimo.

Kilichomtetemesha dobi hakikuwa ile jumla. Alijijua. Profesa akifungua mdomo tu kuomba, yeye atatia sahihi kabla sentensi haijaisha, na nyumba ya mama, vyumba viwili na ua wenye kamba zake, itakuwa mkononi mwa watu wengine. Na akikataa? Fundi redio wa mtaa wa pili alizidiwa na madeni akaondoka alfajiri moja. Viatu vyake vya kanisani bado viko chini ya kitanda, mkewe hajui avitupe au avipige dawa. Akikubali anapoteza nyumba. Akikataa anapoteza ndugu, na ndugu alikuwa naye huyo mmoja.

Mchana ule ule alikuja mzee mmoja, mstaafu wa benki, kuchukua mashati yake. Dobi akamkunjia taratibu kuliko kawaida.

"Mzee wangu, nina rafiki yangu ana shida," alianza.

"Rafiki yako," mzee alisema, akavuta kigoda.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hao kumi na mmoja walimkopesha kwa uso wake tu. Asipolipa watamsumbua, watampigia mwajiri, watamwaibisha, lakini hawana cha kubeba. Huyo wa kumi na mbili anayesema atayaunganisha yote anataka nyumba. Deni lisilo na meno analitilia meno. Rafiki yako asitie sahihi."

"Na mdogo wake afanyeje?"

"Aache kukopa, leo. Apunguze matumizi mpaka mfupa. Aende kwa mmoja mmoja, aseme naweza kiasi hiki kila mwezi, wakiandike. Wengi watakubali, maana kidogo cha uhakika ni bora kuliko kumkimbiza mtu. Itachukua miaka. Dawa ya deni ni kulipa, hakuna nyingine." Akasimama na mashati yake. "Na rafiki yako ajifunze kukataa. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe nakuja kwako kwa sababu hujawahi kunikatalia bei."

Basi Alhamisi dobi akaanza mazoezi. Wa kwanza alikuwa shangazi wa bibi harusi, aliyetaka shuka kumi kabla ya saa sita. Dobi alimeza mate, akasema, "Hapana." Neno lilitoka kama kikohozi. Shangazi akamwuliza kama anaumwa. Wa pili alikuwa muuza nyama, mwenye deni la makoti meupe tangu mwaka juzi, aliyeleta mengine matatu. "Hapana. Leo mpaka ulipe," alisema, kisha mwenyewe akarudi nyuma hatua moja. Muuza nyama alitazama kulia na kushoto, akatoa pesa. Ijumaa alikataa watu watano, mmoja akiwa ameuliza saa ngapi tu. Usiku alilala mapema, amechoka kuliko siku za kufua mablanketi.

Jumamosi Profesa alikuja kuchukua nguo zake. Alikuwa amekonda shingo, kola ikimzunguka. Alikaa kwenye benchi la uani, akasifu chai, akauliza habari za mguu wa dada yake, akazungumzia mvua ambayo haikuwapo.

"Dada," alisema hatimaye.

"Hapana," dobi alisema.

Profesa akatoa macho. "Sijasema kitu."

"Hapana, mdogo wangu. Nimesoma karatasi yako. Nisamehe, nimevunja sheria yangu, lakini sitatia sahihi. Nyumba sitoi." Sauti ilikuwa ikimtetemeka na mikono pia, akaificha kwenye aproni. "Nitakwenda na wewe kwa kila mtu unayemdai." Akajisahihisha, "Anayekudai. Wote kumi na mmoja, nitasimama hapo hapo pembeni yako. Nitakupikia. Nitakufulia bure mpaka uzeeni. Ila nyumba hapana."

Profesa aliinamisha kichwa. Kisha akasimama, akasema "Nimekusikia, dada," akatoka. Suruali yake ya kijivu aliiacha kwenye kamba.

Dobi alilia ndani ya shuka la mteja, ikabidi alirudie kulifua. Jioni alipiga simu mara nne, haikupatikana. Alfajiri alivaa akaenda hadi chumba alichopanga mdogo wake. Mlango ulikuwa na kufuli, na mwenye nyumba akamwambia mwalimu kakabidhi ufunguo jana ile ile. Hakusema anakwenda wapi. Dobi alirudi kwa miguu na hakumsalimia mtu njiani, yeye ambaye husalimia hata paka. Aliviona viatu vya fundi redio kila alipofumba macho. Alijiambia angetia tu hiyo sahihi, nyumba ni kuta, kuta si kitu.

Ilikaribia saa sita alipousikia mkokoteni ukikwaruza ukuta wa nje. Profesa alikuwa akiusukuma mwenyewe, shati limelowa mgongoni. Juu kulikuwa na godoro, jiko, na maboksi ya vitabu yaliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Simu nimeiuza," alisema. "Ile kubwa. Jana nililala kwa mwalimu wa jiografia, tukaandika barua kumi na moja, kila mmoja na kiasi chake. Kodi niliyokuwa nikilipia chumba nimeiweka humo, iende kwenye madeni." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Dada, naomba chumba changu cha zamani. Hili nililionea aibu kuliko lile la nyumba. Mtu mzima, mwalimu, anarudi kwa dada yake na godoro kichwani."

Dobi alimshika mkono, mkono wenye chaki kwenye kucha, akawa anaupigapiga tu kama mtu anayekung'uta vumbi.

"Chumba kimejaa nguo za watu," alisema mwishowe.

"Nitalala na nguo za watu."

Waliliburuta godoro hadi uani na wote wawili wakalikalia kupumzika, maana hawakuwa vijana tena. Profesa akamwambia kwamba anamwogopa yule mkopeshaji wa kichochoroni, kesho dada aende naye kweli. Dobi akasema ataenda na pasi ya mkaa mkononi.

"Kuna jambo jingine," Profesa alisema. "Kabla sijauza simu, binamu alipiga. Anataka mchango wa harusi ya shemeji yake. Mdomo ulikuwa mzito, lakini nikakukumbuka ulivyosimama pale jana unatetemeka. Nikamwambia hapana, sina."

Dobi akageuka mzima mzima. "Akasemaje?"

"Akasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu. Akaniuliza habari za kazi, tukaagana vizuri."

Walitazamana. Dobi alifikiria miaka yote ile, sweta la mtoto, makoti ya muuza nyama, barua kumi na moja ndani ya boksi la vitabu. Profesa alikuwa ameanza kutikisika mabega, na dada yake hakujua kama anacheka au analia, mpaka alipogundua kwamba na yeye hajui lake. Alimvuta kichwa akamlaza begani, hapo hapo juu ya godoro, mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama mlangoni na mafurushi yao.

"Ngojeni kidogo," dobi aliwaambia, nao wakangoja.