Watoto Arobaini wa Orodha ya Nkanka

Siku ya chanjo ya surua, mwaka 1998, Papa Ntabaza alifika kwenye uwanja wa soko la Nkanka, Rwanda, saa moja asubuhi, kipaza sauti begani na orodha mfukoni. Alikuwa amevaa koti. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni kule Bukavu, na kazi ya kuita majina hakumwachia mtu mwingine.

Muuguzi Béata aliweka sanduku la barafu mezani. Ndani mlikuwa na chanjo arobaini kwa majina arobaini. Orodha iliandikwa mwaka 1993, na ofisi ya mjini ilikataa kuibadilisha mpaka iletewe nyingine yenye mhuri. Mhuri ulipotea vitani. Amri ilikuwa fupi: jina lisipoitikiwa, chanjo yake inarudi mjini.

Mukandayisenga alikuwa ameketi chini tangu alfajiri, mwanawe Hirwa mgongoni. Hirwa alizaliwa Kongo, katika kambi ya wakimbizi wa vita, kwa hiyo hakuwamo katika orodha. Surua ilikuwa imeingia kwa jirani yao, na Jumapili walikuwa wamezika mtoto. Béata alimweleza mara mbili kwamba hana la kufanya. Mukandayisenga aliitikia kwa heshima, akaendelea kukaa.

Ntabaza alianza. Kila jina aliliita pamoja na la baba, polepole, na watoto wakajibu "Karame", kama mtoto wa Rwanda anavyomjibu mkubwa anayemwita. Alipofika kwa Shimwa, binti wa Mukandayisenga, Béata alimgusa mkono.

"Papa, huyu muruke. Alikufaka kambini."

"Jina iko hapa, Maman. Miye nasoma yenye iko."

Akaita. Kutoka migombani sauti ilijibu "Karame", na Shimwa akashuka, mwenye miaka minne ileile, katika gauni la manjano alilozikwa nalo, limechanika begani. Aliwasalimia wakubwa kwa mikono miwili, akasimama kwenye mstari. Kadiri Ntabaza alivyosoma, wengine waliokufa kwa surua ng'ambo ya mto Rusizi walifika pia, pamoja naye wakawa kumi na tisa. Akina mama walisogea kuwapa nafasi. Mmoja aliruka foleni, akarudishwa nyuma.

Zamu yake ilipofika, Shimwa alimfungua Hirwa mgongoni mwa mama yao, akampakata, akaunyoosha mkono wa mtoto juu ya meza.

"Umupe huyu," alimwambia Béata. "Miye surua ilishanipata."

Béata alitazama orodha, kisha sindano, akamdunga Hirwa. Hirwa alilia sana. Shimwa akampulizia mkono. Wino wa kumtia alama kidoleni aliyechanjwa ulikuwa wa yule aliyeitikia jina, kwa hiyo Shimwa alitoa kidole chake kidogo, akakitazama kwa furaha.

Wale kumi na wanane walimfuata, kila mmoja akichagua mtoto aliyezaliwa Kongo. Mmoja wao, Niyonsenga, alichagua mnene kuliko wote, akashindwa kumbeba, ikabidi asaidiwe.

Saa sita sanduku lilikuwa tupu. Watoto saba waliozaliwa Kongo walirudi nyumbani bila chanjo, kwa sababu orodha haikuwa na marehemu wengine. Mukandayisenga alimlisha Shimwa viazi vitamu, akamsuka nywele, na jioni akamsindikiza mpaka migombani.

Baada ya mwezi ofisi iliandika barua ya pongezi. Nkanka peke yake ndiyo iliyofikisha arobaini kwa arobaini, na kwa kuwa orodha hiyo ilikuwa nzuri kiasi hicho, ingetumika tena mwaka ujao. Ntabaza aliisoma sokoni kwa kipaza sauti, neno kwa neno.

Mukandayisenga alishuka mjini Kamembe kununua kitambaa cha manjano, akampelekea Karim, fundi cherehani. Karim aliuliza gauni litavaliwa lini. Alipoambiwa ni mwaka ujao, alimshauri aongeze kitambaa, maana watoto hukua haraka.

"Hapana, Papa Karim," alisema Mukandayisenga. "Shona ya miaka ine. Ila mabega ukaze muzuri, anabebaka batoto."