Ndege Iliyoambiwa Isubiri

Shangazi alikuwa amechuchumaa uani anasugua sufuria iliyoungua, sikio lake la kushoto likaanza kuongea.

"Mnara, naomba kutua," ilisema sauti ya kijana.

"Endelea kusubiri," alijibu Shangazi, akaongeza majivu kwenye sufuria.

Wifi yake alitazama juu. Ndege ilikuwa inapita, na kivuli chake kilikuwa kwenye kamba ya nguo.

"Huyu si angezunguka kwa jirani? Shuka zangu hazikauki."

"Hajui kama kuna shuka, wifi."

Sikio hilo ndilo alilokuwa akivalia hedifoni zamani, alipokuwa anaongoza ndege za jeshi. Mnarani walikuwa vijana watupu, wengine hata ndevu hazijaota vizuri. Kulikuwa na Kigoda, mfupi, aliyesimama juu ya kigoda ili aone uwanja. Kulikuwa na Mchumba, aliyechumbiwa kila mwezi na hakuna aliyerudi kutoa mahari. Walitaniana kutwa, ndege ikiita wanakuwa wapole. Na walikaririshwa jambo moja hadi wakaliota usingizini: amri ya kusubiri anaiondoa aliyeitoa, si mwingine.

Siku moja Mkuu wa kikosi alipanda mnarani mwenyewe. Ndege ya mizigo ilikuwa inamletea makochi ya nyumba yake mpya. Akachukua maiki, akamwambia rubani mmoja kijana aliyekuwa anakuja kutua asubiri kwanza, makochi yapite. Kisha akashuka kwenda kuyapokea, akamsahau.

Rubani alisema mafuta yanakwisha. Kigoda akatimua mbio uwanjani, akamkuta Mkuu anabonyezabonyeza mito. Akafungwa kwa kumpigia kelele mkubwa wake. Mafuta yakaisha. Ndege haikuanguka, kwa sababu ilikuwa imeambiwa isubiri. Kesho yake kikosi kikatangaza kwamba ndege zote zilitua salama, na mama wa rubani akaambiwa mwanawe ametoroka jeshi.

Miaka yote hiyo Shangazi alishajaribu kumteremsha.

"Tua, mdogo wangu. Mimi nakuruhusu."

"Dada, unataka nikalale na Kigoda ndani? Amri ya Mkuu anaiondoa Mkuu. Na sauti yako siku hizi nzito. Unaumwa?"

"Mafua tu."

Hakumwambia kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe. Sauti ya rubani ilikuwa ile ile ya ujana.

Sasa Mkuu alikuwa mgonjwa, na madaktari walishamrudisha nyumbani. Akifa, hakuna tena mwenye kuiondoa ile amri. Shangazi akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Alimkuta amelazwa kwenye kochi moja refu, mojawapo ya yale yale. Kabla hajamaliza salamu, sikio likaita.

"Mnara, naomba kutua."

"Bado yupo huyu?" Mkuu aliuliza.

"Yupo, afande. Sema neno moja tu. Ongea hapa hapa."

Akainama, akamsogezea sikio mdomoni. Mkuu alipumua humo ndani kwa muda mrefu.

"Akitua, watu watauliza alikuwa wapi," alisema mwishowe. "Mimi nitazikwa kwa mizinga, binti. Unataka nizikwe kwa maswali?"

"Mama yake anaitwa mama wa mtoro mpaka leo, afande."

"Amezoea. Kunywa chai yako."

Chai ilikuwa imepoa. Shangazi hakuigusa.

Mkuu alikufa wiki hiyo hiyo. Mazishini wakubwa walisema hakuwahi kumwacha kijana wake nyuma. Ndege za jeshi zikapita kumpa heshima, na vijana wapya wa mnarani wakazipitisha chini ya ile inayosubiri, bila kugusana.

Jioni hiyo sikio likaita mapema kuliko kawaida.

"Dada, nimesikia mizinga huko chini. Kuna nini?"

Wifi aliacha kufua, akamtazama Shangazi. Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Sherehe ya Mkuu," alisema.

"Ah, sawa. Basi leo atakuwa na furaha. Akimaliza kula, mkumbushe."

"Nitamkumbusha."

"Ila usimharakishe, dada. Asije akakasirika."